Kesi ya Mchungaji na Mguu wa Muujiza

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawaamini tangazo la msiba mpaka waone jeneza. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto na mada ilikuwa Mchungaji. Kanisa lilimfukuza kazi kwa kusema uongo: alisimama madhabahuni akatamka kwamba yule mtu aliyetupa magongo ibadani hakuponywa na maombi. Kesho baraza la kazi linamsikiliza. Mwenye magongo mwenyewe, fundi viatu waliyembandika jina la Muujiza, alikaa pembeni akipuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Mimi nanusa kitu, — alisema Kinyozi. — Mchungaji gani anajikatia riziki yake mwenyewe?

— Ametumwa, — alisema Wakili, ambaye sheria alijifunzia redioni. — Kuna kanisa jingine limemwahidi gari.

— Gari lipi? Tangu atolewe nyumba ya kanisa anabanana na mkewe chumba kimoja.

— Ndiyo janja yenyewe. Ufukara wa kuigiza.

— Basi na mkewe yumo. Kule kukonda mnakuona kwa kawaida?

— Na hospitali je? Inalipwa isiponye watu, makanisa yajae.

Hapo hata Kinyozi alimtazama Wakili mara mbili.

— Muujiza, mbona kimya?

— Nawasikiliza.

Aliwasikiliza kweli, roho juu juu. Plasta ya mguu alitolewa hospitalini Ijumaa, akarudi nyumbani akitembea mwenyewe. Jumapili mzee wa kanisa akamwomba aje na magongo mara hiyo moja tu, na Jumatatu akapewa kibanda cha viatu pale getini. Wanawe wanakula kwa kibanda hicho. Aliyemnong'oneza Mchungaji ukweli ni yeye mwenyewe, kwa kuona haya.

Mara akatokea mke wa Mchungaji, ambaye hakuwahi kufika hapo.

— Habari zenu, kaka zangu. Sikai. Nina swali moja, nilipeleke barazani kesho. Mguu wa ndugu yenu ulianza kukanyaga lini?

Kinyozi akamgeukia Wakili. Wakili akageukia kikombe chake. Kubishana kote kule, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Wote wakamtazama Muujiza.

— Siku nyingi, Mama Mchungaji, — alisema. — Kumbukumbu yangu mbovu.

Mama hakumlaumu. Alisema asante, akaenda zake, na asante ile ilimchoma Muujiza kuliko tusi.

Akainuka, akaaga kwamba ana mteja, akaondoka akichechemea mguu wa kulia. Alikwisha vuka barabara Kinyozi aliposema kwa sauti ya chini:

— Lakini uliovunjika si ulikuwa wa kushoto?