Vibanio vya Bi Eunike kwenye Kamba ya Ndatuu

Bi Eunike Nnko ameutumikia Mradi wa Maji Ndatuu kwa miaka thelathini na minne, na tarehe 30 Juni 2025 anastaafu. Aliajiriwa mwaka 1991 kusoma mita, akapanda kuwa fundi wa mabomba, na tangu 2004 ndiye mzamiaji wetu na mwalimu wa kuzamia pangoni. Anayeandika ni Mzee Lesian, mlinzi wa geti la chemchemi, niliyekuwepo kabla ya geti lenyewe. Katibu wetu Magreth aliomba aninyooshee maneno. Nimekataa. Shule yangu ni ile ya watu wazima ya jioni, lakini katika mradi huu hakuna anayemjua Bi Eunike kunizidi mimi, na anayetaka kubisha abishe.

Magreth alifungua faili ili anipe tarehe. Humo akakuta karatasi ya mwaka 2008 inayosema mwalimu alifunga kamba kwa uzembe. Akanisomea mara mbili. Karatasi hiyo si ya kweli, na Bi Eunike hawezi kwenda nyumbani huku imebaki vile. Nitafika huko. Wasifu una utaratibu wake.

Kwa wale wanaofungua bomba mjini bila kujua maji yanatoka wapi: yanatoka kwenye pango la mawe ya volkano, juu ya mashamba ya kahawa, njia ya Nkoaranga. Chujio limefungwa ndani, mita arobaini kutoka mdomo wa pango, na njia yote imejaa maji mpaka darini. Huwezi kuinua kichwa ukapumua. Mizizi inaliziba, na msimu wa kukoboa kahawa maganda nayo yanaliziba. Zamani tulimsubiri mzamiaji wa bandari atoke Tanga, na mji unakaa mabomba makavu. Bi Eunike akasema atajifunza yeye. Mzamiaji yule akamwanzisha, kisha mradi ukampeleka Bi Eunike Afrika Kusini miezi minne, akarudi na cheti na masharti mengi kuliko ya mchungaji.

Darasa lake la kwanza tulikuwa watu sita. Mimi nilijua kuogelea kuliko wote, maana nilijifunza kwenye lambo la ng'ombe kule Kisongo, na ng'ombe wenyewe walikuwa wananipisha. Tulitarajia kuingia majini. Wiki mbili nzima hatukuyagusa! Alitufunga macho kwa kanga, akapitisha kamba katikati ya kahawa na migomba, tukawa tunaifuata kwa mkono mmoja. Mgomba nimeukumbatia mara mbili. Joel wa pampu alishika mkia wa ng'ombe. Mwenye shamba, Mama Pudensiana, akasimama akauliza, "Jamani, mmepotelewa na nini?"

Joel akamjibu macho yakiwa yamefungwa, "Shikamoo mama. Tunazamia."

"Marahaba. Basi msizamie kwenye mbolea yangu!"

Tangu siku hiyo majirani wanatuita wazamiaji wa migombani. Waite tu. Waliocheka hawajui kwamba pangoni matope yakitimka unakuwa kipofu vilevile, na mkono uliozoea kamba ndio unaokutoa.

Baadaye tukaenda kwenye bwawa la kuogelea la shule moja pale Sokon I, na mwisho ndiyo pango. Hewa ya mtungi aliigawa mafungu matatu: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya mwenzako. Yeyote akiinua dole gumba, wote wanarudi, na haulizwi sababu. Halafu kulikuwa na vibanio, hivi hivi vya kuanikia nguo. Kila mtu alikuwa na rangi yake. Ukiingia unakibana kwenye kamba pale mdomoni mwa pango, ukitoka unakiondoa. Kibanio kikibaki, mtu yumo. Changu kilikuwa chekundu.

Mimi nilisema kibanio ni cha kanga na nguo za watoto, mwanaume mzima habani kibanio.

Siku ile ya 2008 Bi Eunike na Joel walikuwa wamesafisha chujio, wametoka, yeye yuko stoo anaandika kitabu cha kazi. Nikachukua mtungi, nikaingia bila kumwambia mtu na bila kubana chochote. Nilitaka nifike kwenye chujio bila kushika kamba, kisha niwaonyeshe. Katikati ya njia mguu wangu ukapiga ukuta, matope yakatimka, hata tochi yangu sikuiona. Nikaitafuta kamba, nikaipata, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, na nguvu nilikuwa nazo. Ikang'oka kwenye jiwe. Ikalegea mikononi mwangu, sijui mbele wala nyuma.

Huku nje Joel alitazama kamba, akaona haina kibanio, akasema watu wote wametoka. Bi Eunike akaona katambuga zangu juu ya jiwe. Akasema, "Mzee hatembei peku. Yumo."

Alifunga kamba mpya akaingia. Alinikuta napapasa dari, mtungi wangu umekwisha. Akanipa mdomoni ile theluthi ya mwenzako, akaniwekea kamba kiganjani na kunifumbatisha vidole, tukatoka taratibu. Nilipofika juani nikasubiri matusi, na nilistahili. Alisema tu, "Viatu vyako hivyo hapo, mzee."

Ukaja uchunguzi. Aliulizwa nani alifunga kamba iliyong'oka, akajibu, "Mimi." Nami nikaulizwa. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nikasema nilikuwa kwenye mazoezi, kamba ikang'oka yenyewe. Bi Eunike alinitazama, hakufungua mdomo. Akazuiwa kufundisha miaka miwili. Ukuu wa kitengo cha kuzamia, aliokuwa nao, akapewa mwingine, yeye akarudi kusoma mita kwa miguu mpaka Kisongo. Kila asubuhi alipita getini kwangu, "Shikamoo mzee," nami naitikia marahaba huku natazama kwingine.

Mwaka 2010 chujio likaziba, hakuna aliyethubutu kuingia, wakamwita. Toka hapo amefundisha watu kumi na wanne, wakiwemo Catherine na Silantoi wanaoshika kazi sasa. Mimi alinikabidhi ndoo ya vibanio, nivihesabu vikienda na vikirudi. Miaka kumi na mitano sijakosea hata kimoja, aulizwe yeyote. Wote walioingia wametoka.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa meneja, Joel akiwa shahidi. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, na barua nikaiandika kwa mkono wangu: niliingia bila ruhusa, kamba niliing'oa mimi, mwalimu aliifunga vizuri. Meneja akaniuliza, "Mzee, una uhakika? Hii itaingia na kwenye faili lako."

Nikamwambia faili langu lina nafasi.

Sasa barua hiyo iko juu ya ile karatasi ya 2008. Magreth alitafuta pini ya kuibania, nikampa kibanio changu chekundu, ambacho sikuwahi kukitumia.

Bi Eunike, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya kila anayekinga ndoo asubuhi akapata maji, tunasema asante. Mimi nasema yangu peke yangu, na imechelewa miaka kumi na saba. Wanangu watatu wamemaliza shule kwa sababu ulinyamaza. Nenda Nkoaranga ukapumzike, kahawa yako izae, wajukuu wakuzunguke, na tunakutakia afya na amani siku zako zote. Asubuhi ya tarehe 30 utaingia pangoni mara ya mwisho. Mimi nitakuwa kwenye jiwe na ndoo yangu, nahesabu. Ukitoka, viatu vyako utavikuta hapo, nimevishika.