Historia ya Mzee Subiri na Aliyemtajia Rangi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wapigapicha wenzake marehemu na nyote mliofika kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyepishana naye miaka mitatu na kugombania naye shuka moja utoto wetu wote, na kikao cha familia kimeniteua nisome historia yake kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mimi ndiye mwenye sauti kubwa. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba kuna sehemu ya historia hii ambayo shemeji yangu, mjane wa marehemu, hakutaka isomwe hapa, na kuna mtu mwingine, yaani marehemu mwenyewe, ambaye akiwa kitandani alinishika mkono akaniambia nisithubutu kuiacha. Juzi kwenye kikao shemeji alisema, "Mwacheni na rangi zake, mkisema watu watamwita mwongo, na hayupo wa kujitetea," na nilipozidi kumbembeleza akanyanyuka akasema, "Wewe ndiye unayesoma, shemeji, mimi sina mkono wa kukuziba mdomo." Nimeichukua kauli hiyo kuwa ruhusa, na kama nimekosea tutagombana baada ya mazishi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mzee Subiri, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, aliyekuwa mshika bendera wa stesheni, na mama yetu, aliyekuwa akishona sare za shule. Alianza shule ya msingi Januari 1958, ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1969, na katika miaka yote hiyo walimu walimlalamikia jambo moja tu, kwamba kwenye ramani alipaka bahari rangi ya zambarau na misitu rangi ya kutu, wakadhani ni utundu, wakamchapa, naye hakuelewa anachapwa kwa kosa gani.

Baba alikuwa na ndoto moja maishani, nayo ilikuwa kumwona mwanawe wa kwanza amevaa kofia ya reli. Tarehe 6 Aprili 1970 marehemu alikwenda kwenye usaili akiwa amevaa viatu vya baba, akapita hesabu, akapita lugha, akapita kupimwa kifua, kisha daktari akamwingiza kwenye chumba chenye giza, akamwonyesha taa mbili, akamuuliza ipi nyekundu na ipi kijani. Hakujua, akabahatisha, na treni haiongozwi kwa kubahatisha. Baba hakumgombeza, na afadhali angemgombeza, kwa maana alichukua tu viatu vyake, akavipangusa vumbi kwa muda mrefu, akasema jambo hili lisitoke nje ya nyumba yake. Halikutoka, na kaka yangu alianza kuishi kama mtu aliyeiba kitu.

Mwezi Juni mwaka huohuo alipata kazi ya kufagia na kuosha picha katika studio moja iliyokuwa juu ya duka la baiskeli, ambako picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwa mara ya kwanza akajikuta hana upungufu wowote mbele ya wenzake. Mwenye studio alimwazima kamera siku za Jumapili, naye akaingia barabarani kutafuta vivuli, vya ngazi, vya waya za umeme, vya watu waliopanga foleni ya mkate, kivuli cha kinyozi kikiwa ukutani na mkasi wake mkubwa kuliko kichwa cha mteja. Aliweza kusimama kwenye kona moja hadi jua lihame, na kila tulipomwambia twende zetu, njaa inauma, aliinua kiganja akasema, "Subiri, hakijafika." Ndipo jina lilipoanzia, na nadhani hata mwenye nyumba wake aliandika Subiri kwenye risiti ya kodi.

Mambo yaliharibika Agosti 1979, pale studio ilipoleta mashine ya kusafisha picha za rangi, na yeye, badala ya kusema ukweli, akanyamaza, akapewa kazi ya harusi moja kubwa, apige picha na kusawazisha rangi zake mwenyewe kwa jicho. Picha zilitoka safi, zimekaa vizuri, isipokuwa bibi harusi alikuwa wa kijani kuanzia paji la uso hadi vidole, na bwana harusi alionekana kama ametolewa ndani ya maji ya chai. Baba wa bibi harusi alipanda ngazi za studio na wajomba wanne, na katika msafara ule alikuwamo binti mmoja muuza vitambaa, aliyeuza kitambaa cha gauni lile na aliyekuja kuona jinsi kilivyoharibiwa. Wakati wajomba wanapiga meza, yeye alimtazama kaka yangu, akaona kwamba mtu huyu haoni ubaya wowote katika picha ile, akatoa kipande cha kitambaa kwenye mkoba, akamuuliza polepole, "Hii ni rangi gani?" Kaka akajibu kahawia. Kilikuwa kijani kibichi. Yule binti akakirudisha kitambaa mkobani, akawageukia wajomba akawaambia mashine ndiyo mbovu, wasimwonee kijana wa watu. Kaka aliipoteza kazi hata hivyo, lakini jioni yake alimsubiri dada yule nje ya duka la vitambaa, na kwa mara ya kwanza mtu wa nje ya nyumba yetu aliusikia ukweli kutoka kinywani mwake.

Dada yule ndiye shemeji yangu huyu, aliyekaa hapa mbele, na naona ameinamisha kichwa, maana yake tutagombana kweli.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Mei 1981, na wakajaliwa watoto watatu, binti yao mkubwa, ambaye ni mwalimu, wa kati, ambaye ni fundi wa umeme, na kitinda mimba wetu, ambaye akiwa darasa la pili alipelekwa shule na baba yake akiwa na soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani, akazomewa, akarudi nyumbani akataka maelezo, ikabidi watoto wote watatu waambiwe siri na kuapishwa siku moja.

Mwaka 1983 jarida moja la wasafiri lilikuwa linatafuta mtu wa kupiga picha za rangi za mitaa na masoko, miji mbalimbali, kila mwezi mji mmoja, na kaka yangu alitaka kuikataa kazi ile, akisema hawezi kumwonyesha mtu kitu asichokiona. Shemeji ndiye aliyesema, "Wewe ona vivuli, rangi niachie mimi." Wakaanza kusafiri pamoja, watoto wakibaki kwa mama yetu, na wakifika mji wowote shemeji aliketi juu ya mzigo wake wa vitambaa kando ya barabara, yeye akasimama nyuma yake na kamera, shemeji akawa anamtajia kwa sauti ya chini, kwamba mlango ule ni bluu iliyochujuka, kwamba anakuja mwanamke mwenye gauni la manjano, kwamba nyuma yake yuko mtoto mwenye ndoo nyekundu, usipige, mwache mwanamke afike mlangoni. Kaka hakuiona bluu wala nyekundu jinsi tunavyoziona sisi, alikiona kivuli cha mwanamke kikimtangulia ukutani, akaamini alichoambiwa, akabonyeza. Walifanya hivyo miaka ishirini na sita, na waliowaona walidhani yule mama ni mbeba mizigo wake.

Oktoba 1994 alipewa tuzo kwa kile walichokiita jicho la pekee la rangi, katika ukumbi wenye mapazia marefu, nami nilikuwepo, shemeji akiwa amekaa viti vya nyuma karibu na mlango wa jikoni kwa hiari yake. Mtu mmoja alisimama akamuuliza anazijuaje rangi zinazopendana, kaka akajibu, "Namuuliza mke wangu." Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi. Alirudia mara ya pili, wakacheka zaidi. Alishuka jukwaani macho yakiwa na machozi, na njiani akamwambia shemeji kwamba kesho yake anakwenda jaridani kuwaeleza, naye akamkatalia, akamwambia hilo halina faida, watamwona tapeli na watoto watakosa ada, jina libaki la mumewe, yeye hivyo vinamtosha. Tangu siku hiyo deni lake kwa mkewe halikumwacha, maana kila picha iliyotoka na jina lake peke yake aliikunja gazetini na kuiweka chini ya kitanda, hakutundika hata moja ukutani.

Nyinyi wapigapicha mliokaa upande wa kulia, aliowafundisha na mliofanya naye kazi, msijisikie mmedanganywa. Kila alichowafundisha kuhusu mwanga alikiona kwa macho yake mwenyewe, na kila mlichosifia kuhusu rangi kilikuwa cha mama huyu. Hilo ndilo aliloniagiza niseme, na sasa nimelisema.

Ugonjwa wa kisukari uligundulika Februari 2009, akaacha safari ndefu, na kuanzia mwaka 2019 macho yakaanza kufifia, la kushoto likatangulia, la kulia likafuata, mpaka kufikia katikati ya mwaka 2023 hata vivuli navyo vikamwacha. Nakiri kwamba sijawahi kuumia kama siku aliponishika bega akaniuliza kama jua limetoka, na lilikuwa linatuchoma wote wawili. Shemeji akaanza kazi upya. Kila asubuhi walikaa barazani wakitazamana na ukuta mweupe wa jirani, naye akawa anamtajia rangi kama zamani, na safari hii na vivuli pia, ambavyo maisha yake yote hakuvijali, kwa hiyo alivitaja vibaya, na kaka akawa mkali kama mwalimu, akimuuliza ukingo wake ni mkali au laini, kimegusa dirisha au bado, mpaka siku moja shemeji akamjibu, "Sasa na wewe subiri, sijamaliza," tukacheka wote, hata yeye.

Tarehe 17 Novemba mwaka jana, siku ya Jumapili, akiwa ameshaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki baada ya figo kushindwa, alimwambia shemeji achukue kamera. Shemeji hakuwa amewahi kubonyeza kamera ile hata mara moja, akasema ataivunja, lakini kaka akasisitiza, akakaa mlangoni, akamuuliza yeye mwenyewe amevaa shati gani, akajibiwa jekundu, akauliza kivuli cha mlango kimefika wapi, akajibiwa kimefika sikioni. "Kikifika shavuni, bonyeza." Picha ilipotoka hakuweza kuiona, basi shemeji akamsimulia kutoka pembe moja hadi nyingine, polepole, na aliposimuliwa yote akasema, "Nzuri sana. Hii mimi nisingeipata."

Aliaga dunia hospitalini Jumanne tarehe 11 Februari mwaka huu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mke wake akiwa amekaa kando ya kitanda akimtajia rangi ya dirisha. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, waliomvumilia alipowauliza kila siku wamevaa rangi gani, inawashukuru wahariri na wapigapicha wenzake waliochangia matibabu, na inawashukuru majirani, hasa yule dereva wa lori aliyekuwa analiondoa gari lake mbele ya ukuta kila asubuhi, bila kuombwa, ili wazee wale wapate kivuli chao.

Mwisho, hiyo picha iliyosimama hapo juu ya meza, mwenye shati jekundu na nusu ya uso kivulini, ndiyo picha ile. Chini yake, pembeni, mmeona limeandikwa jina la aliyeipiga. Jina hilo nililiandika mimi, asubuhi hii, kwa agizo la marehemu, na ndiyo picha ya kwanza tangu mwaka 1983 kutoka na jina la shemeji yangu, na alipoliona leo hakulifuta.

Kaka, pumzika kwa amani. Mkeo bado ana wajukuu wa kulea na mengi ya kutazama, atakuja na rangi zote akusimulie, usimharakishe. Zamu hii subiri wewe.