Mwalimu Igoki na Somo la Kaboni

Wapendwa mliofika hapa Karurumo kutusindikizia dada yetu, watumishi wa Mungu, wakwe zetu wa Embu, jamaa mliotoka Meru alfajiri kukiwa giza, walimu, madaktari, na nyinyi wanafunzi wenye makoti meupe mliojaa mpaka ndani ya mibuni, poleni na karibuni. Naitwa Kajuju, nauza ndizi soko la Githongo, na mimi ndiye ninayemfuata marehemu kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na imenionya nisome polepole nisipige kelele, lakini mtanisamehe, maana maisha ya Igoki yakisomwa kwa sauti ya chini yanakuwa ya mtu mwingine.

Marehemu Florence Igoki Muturi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, Githongo, Imenti ya Kati, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mithika na marehemu Mama Gatwiri, wakulima wa kahawa na washiriki wa kanisa la Methodisti. Alikuwa mtoto wa maswali, jamani, aliuliza mpaka wageni wakaanza kupitia njia ya nyuma, mbona maziwa yakikaa kwenye kibuyu yanaganda, mbona gunia la ndizi mbichi ukilitia avokado moja iliyoiva ndizi zote zinaiva haraka. Mama alimjibu kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, naye akasema sawa mama, lakini Mungu anatumia nini? Siku hiyo alinyimwa chai, na mimi nikanywa kikombe chake.

Alisoma shule ya msingi huko huko Githongo kuanzia 1971 hadi 1977, kisha akaenda shule ya wasichana mjini Meru kuanzia 1978, ambako alifanya mtihani wa kidato cha nne na baadaye wa kidato cha sita mwaka 1983, na huko ndiko alikokutana na kemia ya kaboni. Alirudi nyumbani likizo akitufundisha kwa nguvu, mimi na mbuzi, kwamba kaboni ina mikono minne na haitulii mpaka yote imeshika kitu, na kwamba sukari, mafuta, dawa, jasho na damu yetu vyote vimejengwa kwa mikono hiyo. Mwaka 1984 alijiunga na chuo kikuu Nairobi, akahitimu ualimu wa sayansi mwaka 1988, wa kwanza katika ukoo wetu, na baba alichinja fahali aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya kitu kingine kabisa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa shule ya sekondari kule Timau, kuanzia Septemba 1988, na Timau mnaijua, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi moja aliona mafuta yake ya nazi yameganda kama mshumaa dirishani na mafuta ya kupikia pale kando bado yanatiririka, basi akayabeba yote mawili darasani, akawauliza watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya ngano ni yapi yangependa kuganda ndani ya mshipa wa mtu. Mpaka leo kuna watu wazima wa Timau wasiokula mafuta ya kuganda kwa sababu yake. Alipenda hivyo, kuanza na kilicho mezani, kisha ndipo achore.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Bwana Josphat Muturi, mhandisi wa maji wa hapa Karurumo, ambaye walikutana alipokuja Timau kukagua bomba, akaulizwa na mwalimu asiyemjua kuna nini ndani ya hayo maji. Alirudi wiki iliyofuata na jibu, na wiki iliyofuata tena bila sababu yoyote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Antony Mutugi na Gatwiri, na baadaye wajukuu watatu ambao wote wanajua kupika sabuni.

Mwaka 1998 walihamia Embu, naye akaajiriwa katika chuo cha afya kuwafundisha kemia ya kaboni wauguzi, matabibu, watu wa maabara na wa lishe, na hapo ndipo mapambano ya maisha yake yalipoanza. Wanafunzi waliliogopa lile somo kuliko maiti. Walisema wamekuja kujifunza kudunga sindano na kufunga vidonda, hii minyororo ya kaboni ni ya nini, wakaikariri kama wimbo wa lugha ngeni, wakaanguka. Msichana mmoja wa Runyenjes aitwaye Kaari alianguka mara mbili, akapita mara ya tatu kwa kubanabana, akamwambia Igoki ana kwa ana, "Madam, nimepita, sasa naomba tusionane tena." Mwaka 2015 aliyekuwa mkuu wa chuo wakati huo akasema yatosha, ikifika Desemba somo litafutwa, wanafunzi wapewe kitu chepesi.

Dada yangu alikuja Githongo akaketi kwenye kibanda changu katikati ya mikungu, akalia machozi ya mtu mzima. Aliniambia, "Kajuju, wakiliondoa, siku moja muuguzi atasimama mbele ya mgonjwa, dalili zote ziko pale, na hatajua anaangalia nini." Nami nikamwambia kama wanaogopa michoro awape ndizi, basi akabeba mkungu mzima bila kunipa hata shilingi, pamoja na avokado, akaenda kuwafundisha hewa ya ethilini inayoivisha matunda, kaboni mbili zilizoshikana mikono miwili miwili. Akatafuta miraa ya kutafuna ya Igembe akawaeleza kwa nini huvikwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni, kwamba ikinyauka oksijeni iliyoshikwa na kaboni kwa mikono miwili inabaki imeshikwa kwa mmoja, na nguvu inakwisha. Mchungaji alisikia habari ya miraa akaja kuuliza. Aliondoka akiwa amefundishwa.

Sasa sikilizeni. Jumamosi tarehe 8 Agosti 2015 palikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, katika boma moja si mbali na hapa, na mwaka ule asali ilikuwa haba, basi muratina ya wazee, ile pombe ya asali, ikaonekana haitatosha, mtu akaiongeza kwa mtungi wa pombe kali ya kununua, isiyo na jina wala muhuri. Jumapili asubuhi wanaume saba walikuwa hoi. Na kwa kuwa lilikuwa boma la watu wa kanisa, tena wazee wa kanisa hasa, aibu ikatangulia ugonjwa, wakafungiwa ndani wasionekane na waumini wanaopita, wakapewa strungi, chai isiyo na maziwa, na uji wa kuchacha, ikasemwa ni ulevi tu, utawatoka. Kaari, wakati huo tabibu mpya wa dispensari, alikuwa amekuja kumsalimia bi harusi. Akapita dirishani akasikia mzee mmoja akilalamika kwamba nyumba imejaa ukungu, naye mwingine anahema haraka kama aliyepanda mlima, na hakuna moshi wala ukungu mle ndani.

Akampigia simu nani? Yule aliyeomba wasionane tena! Igoki alikuwa kanisani, amevaa sare ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani, akatoka nje katikati ya mahubiri. Kaari akasema, "Madam, macho yao yana ukungu, wanahema mbio, na hawanuki pombe sana." Igoki alimuuliza tu kaboni ngapi, kama darasani, na yule msichana akapiga kelele iliyosikika mpaka jikoni, "Moja! Ni kaboni moja, Madam, ni methanoli!"

Haya, kwa sisi wauza ndizi nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Pombe ya kawaida, ethanoli, ina kaboni mbili, methanoli ina moja, na kwa macho na kwa ulimi hutazitofautisha. Lakini mwili ukiishika ile ya kaboni moja unaigeuza kuwa asidi, ile ile ya sisimizi, nayo inakula macho na baadaye uhai. Kimeng'enya cha ini kinachofanya kazi hiyo kinapenda zaidi ile ya kaboni mbili, hivyo ukimpa mgonjwa ethanoli safi kwa kipimo cha daktari, kimeng'enya kinashughulika nayo na kuiacha methanoli itoke kwa figo na kwa mashine ya kusafisha damu. Yaani dawa ya pombe mbaya ni pombe nzuri, na nani atalisema hilo katika boma la wazee wa kanisa?

Kaari alilisema. Alisimama uani akawaambia wazee waziwazi kwamba huu si ulevi, ni sumu, na kila saa wanayoona aibu ni saa ya macho ya mtu. Baba wa boma alimwita mtoto asiye na adabu, mama wa boma akafungua mlango. Wagonjwa wakapakiwa wakapelekwa hospitali kubwa, daktari wa zamu akasikia, akapima, akakubali, ila dawa yenyewe ya kuzuia sumu hiyo haikuwepo siku hiyo, wala ethanoli ya hospitali, na Kaari akampigia Igoki tena. Basi dada yangu, mke wa Muturi, mwimba soprano, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja hata muratina ya arusi yake, alibisha mlango wa duka la pombe mchana wa Jumapili akiwa na sare kamili, akaomba chupa nne za ile kali isiyo na rangi, yenye muhuri. Mwenye duka alimwambia, "Mama, nitakuombea." Akamjibu, "Omba, lakini nipe risiti." Alitembea nazo barabara kuu kifua mbele, waumini wakitoka ibadani, wengine wakashika vichwa!

Daktari aliwapa ile pombe kwa kipimo, na wote saba waliishi. Mmoja, Mzee Kiunga, macho hayakurudi yote, na yuko hapa leo, ameketi mbele, ameniambia nisome kwa sauti kwa sababu anayeona kidogo anasikia vizuri. Mwezi wa Desemba mkuu wa chuo hakufuta somo, na mwaka uliofuata wanafunzi walifika darasani kabla ya mwalimu.

Mwaka 2022 figo za dada yangu zilianza kuchoka kwa sababu ya shinikizo la damu, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwaeleza wauguzi kinachopita kwenye kichujio na kisichopita, na wengi wao walikuwa wamefundishwa naye, hivyo hawakuthubutu kukosea. Agosti 2024 alifikisha umri wa kustaafu, lakini chuo kilisema hakijapata mwalimu, na asipopatikana somo litaondolewa safari hii kwa kweli, kwa hiyo aliendelea kwa mkataba, akifundisha ameketi. Hofu yake haikuwa kufa, alisema hivyo bila kuficha, hofu yake ilikuwa kuondoka na somo likamfuata. Alimwomba Kaari arithi somo. Kaari akakataa, akasema ana wagonjwa wake, na tena mtu aliyeanguka mara mbili atasimamaje ubaoni? Igoki alimwambia ni kwa sababu hiyo hasa, kwamba anajua mahali wanapopotelea. Kaari akakataa tena, wakaachana wakiwa wamenuniana.

Darasa lake la mwisho lilifanya mtihani Mei mwaka huu wa 2025, akausahihisha kwenye kiti cha mashine, mkono mmoja una mrija na mwingine kalamu nyekundu. Walipita wote isipokuwa wawili. Nilipompongeza alinikata, "Kajuju, hao waliopita hawana shida, niambie hao wawili nitawafanyaje." Tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa hospitalini Embu, mumewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo waliomhudumia kama mama yao, majirani wa Karurumo mliopika na kukesha nasi, kanisa, wakwe, walimu wenzake, na kila aliyetoa cha mkononi au cha moyoni. Na jana, tukimenya viazi nyuma ya nyumba, Kaari alikuja na koti lake la kazi, akachukua kisu akaketi nasi, akamenya ndoo nzima. Halafu akasema, "Mama Kajuju, nimetoka kwa mkuu wa chuo. Nimekubali." Jamani, nilirusha viazi! Mkuu mwenyewe yupo hapa, ameitikia kwa kichwa.

Nyinyi wawili mlioanguka mtihani, siwataji, nawaona mmejificha nyuma ya mibuni. Tukimaliza kumfunika mwalimu wenu mle mshibe, mlale vizuri, na Jumatatu saa mbili mwende kwa Kaari. Alikufa akiwawaza nyinyi.

Igoki wa Mithika, weka chaki chini sasa, dada yangu, pumzika kwa amani, darasa lina mwalimu.