Tangi la Sugathan

OMANA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

SUGATHAN: Dada, ni mimi! Sugathan. Hii laini mpya, ile ya Doha nimeitupa. Shikamoo.

OMANA: Marahaba, mtu wa Doha! Nikadhani ni wale wa mikopo. Mbona sauti inakatika-katika?

SUGATHAN: Niko ndani ya nyumba mpya. Ukuta mnene huu, mtandao haup— (mkwaruzo) —haupiti.

OMANA: Toka barazani basi. Umejenga ngome, umesahau kuacha njia ya simu.

SUGATHAN: Haya, nimetoka. Unanisikia?

OMANA: Nakusikia. Na kunguru wako pia nawasikia. Haya sema, kesho ndiyo kesho?

SUGATHAN: Kesho ndiyo kesho. Gari nitaleta asubuhi, kabla jua halijachomoza. Mama awashe taa, achemshe maziwa jikoni, yakifurika tu nyumba imefunguliwa. Wakwe zangu wote wanatoka Thrissur. Sasa dada, kabla ya hayo… nina tatizo la samaki.

OMANA: Samaki wa mchuzi?

SUGATHAN: Wa tangi! Tangi la kioo, refu kama kitanda. Nimeweka samaki wa dhahabu, wale wenye mikia kama pazia. Wazuri hao! Halafu nikaongeza wawili wa kisasa, kila mtu anawataka. Dukani wanawaita Walimbwende wa Kerala.

OMANA: Walimbwende wa nani?

SUGATHAN: Wa Kerala, hapa hapa kwetu. Wana mstari mwekundu ubavuni, na mweusi chini yake, na mkia una—

OMANA: Una njano na weusi nchani. (kicheko) Sugathan! Wee Sugathan! Si ndio wale tulikuwa tunawachota mtoni kwa kitambaa cha kichwa cha baba?

SUGATHAN: Hapana, hawa ni wa duka—

OMANA: Ni walewale! Tuliwala na muhogo mpaka tukawachoka! Wewe ndiye ulikuwa unalia kwamba wana miiba mingi. Leo umeenda mjini kuwanunua, ukapewa na cheti?

SUGATHAN: (kwa sauti ya chini) Cheti kipo.

OMANA: Yesu na Krishna! Haya, walimbwende wamefanyaje?

SUGATHAN: Wameigeuza mikia ya wenzao matambara. Samaki wa dhahabu wamebaki na vijiti tu, wamejibanza kwenye kona wanapumua. Na hao wawili wanakimbia huku na huku kama wana wazimu, wanagonga kioo. Jana mmoja karuka, nimemkuta chini ya sofa. Wageni kesho watanicheka, dada.

OMANA: Umeweka wawili tu?

SUGATHAN: Mume na mke. Mzee wa mielekeo, yule anayepanga kila kitu kikae upande gani wa nyumba, alisema nyumba ya ndoa iwe na jozi.

OMANA: Alimuuliza samaki? Uliwahi kuwaona wawili mtoni? Wanakwenda kundi zima, wanakimbizana wao kwa wao, hawana haja ya mkia wa mtu. Ukiwaweka wawili wanapagawa. Na maji yako yanakwenda, au yamesimama?

SUGATHAN: Yametulia vizuri kabisa. Kuna kasri ndogo ya plastiki na mpiga mbizi anayetoa povu.

OMANA: Mpiga mbizi! (kicheko) Hao wamezaliwa kwenye maji ya kasi. Weka pampu yenye nguvu, maji yasukumwe upande mmoja. Weka mawe ya mtoni, punguza hayo makasri. Funika juu. Hao wa dhahabu watoe leo hii, uwape watoto wa jirani. Kisha ongeza wenzao, wapate kundi.

SUGATHAN: Kundi? Nafasi itatosha?

OMANA: Si umesema refu kama kitanda? Kwani umeliweka wapi?

SUGATHAN: Ndani.

OMANA: Najua si barabarani. Ndani wapi? Sebuleni?

SUGATHAN: Sebuleni kuna televisheni. Mzee wa mielekeo alisema maji yakae kaskazini mashariki. Huko ndiko baraka zinakoingilia. Ukiweka kwingine unafukuza riziki. Nani atabishana naye?

OMANA: Kaskazini mashariki.

SUGATHAN: Ehee. Dada, hiyo pampu inauzwa pale karibu na—

OMANA: Ngoja. Ramani ya nyumba ulinionyesha mwenyewe. Jikoni upande ule, ngazi katikati. Kaskazini mashariki kuna chumba kimoja tu. Chumba cha chini, kile chenye choo chake.

SUGATHAN: (mkwaruzo) —dada, mtandao—

OMANA: Mtandao uko sawa! Chumba cha Mama, Sugathan.

SUGATHAN: Hakijaandikwa jina—

OMANA: Uliapa! Ulisema, "Mama, chumba chako ni cha chini, hutapanda hata ngazi moja." Ameshagawa kuku wake kwa majirani! Hata yule jogoo mwenye kiburi. Kesho alikuwa anahamia, siyo kutembea!

SUGATHAN: Anahamia! Nani kasema hahamii? Nimemwandalia chumba juu, kikubwa zaidi, kina upepo, kina—

OMANA: Magoti yake je?

SUGATHAN: Ngazi zenyewe fupi fupi. Na akishapanda, ashuke kufanya nini? Chakula atapelekewa. Dada, unamjua Mama, si mtu wa makuu. Ataridhika tu. Mweke mahali popote, hatasema kitu.

OMANA: (kwa mbali, kisu kinamenya)

SUGATHAN: Dada?

OMANA: Sugathan, simu iko kwenye spika tangu tulipoanza. Mama yuko hapa, anamenya muhogo.

SUGATHAN: (kunguru tu wanasikika)

OMANA: Sasa umepotea wewe au mtandao?

SUGATHAN: Mama! Mama, sikumaanisha— Dada, mpe simu.

OMANA: Anasema mikono imelowa.

SUGATHAN: Mwambie nitalihamisha!

OMANA: Lihamishe leo. Samaki wapeleke juu, wao hawana magoti.

SUGATHAN: Leo haiwezekani! Limejaa, halinyanyuliki. Na mzee alisema likiguswa kabla ya maziwa kufurika ni mkosi mtupu. Na wakwe zangu wameshasikia habari zake, watu wa Thrissur hao, wataniuliza tangi liko wapi nitasemaje? Baada ya sherehe. Au baada ya sikukuu ya Onam, kukitulia.

OMANA: Onam ya mwaka gani?

SUGATHAN: Dada, usinibane! Mama anakuja lakini? Asipokuja yeye, nani atachemsha maziwa? Mbele ya watu wote wale!

OMANA: Aha. Hilo ndilo linakuuma.

SUGATHAN: Muulize tu. Tafadhali.

OMANA: Ngoja. (sauti ya mbali, kisu kinawekwa kwenye sahani) Anasema anakuja.

SUGATHAN: Aaah! Mungu ashukuriwe. Nilijua! Mama yangu ni Mama yangu, mimi nilisema—

OMANA: Hajamaliza.

SUGATHAN: Sema, sema! Chochote anachotaka.

OMANA: Anasema kesho anakuja na mkoba wa mkononi tu. Atawasha taa, atachemsha maziwa yako. Yakishafurika, anarudi huku. Umwambie dereva asizime gari.

SUGATHAN: Dada…

OMANA: Betri inaniishia. Haya, kwaheri, mdogo wangu, tutaonana alfajiri.

SUGATHAN: Usikate! Mama, nisikilize kidogo— Mama? (mkwaruzo) Haloo? Haloo?