Papa Alimasi na Akina Asani wa Wamaza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandikisha watoto wa chanjo hapa Kabambare, Papa Alimasi anastaafu tarehe 28 Februari. Anarudi Lusangi kulima mpunga, na biro yetu, ofisi ya chanjo, tuseme ukweli, ilikuwa ikiogopa siku hiyo.

Hofu ilikuwa na sababu. Familia za eneo zima zilikaa kichwani mwake. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Asani Feruzi wanne, na Papa Alimasi ndiye aliyejua yupi ni wa nyumba ipi. Mwaka juzi malaria ilipomlaza, wachanjaji walirudi kutoka kijiji cha Wamaza na nusu ya dawa, kwa kukosa wa kuwaambia nani ni nani. Alipopona alikwenda moja kwa moja kwa Esther-Divine, fundi wetu wa kompyuta, akaomba afundishwe kutengeneza hifadhidata kabla hajaondoka. Tulicheka. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu alikuwa ameshakaushwa na jua la barabara zetu.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mbishi. Alitaka jedwali moja tu, kubwa, wazee na watoto na chanjo humo humo, na kila mtu atambulike kwa jina. Esther-Divine alimwonya kuwa majina yatagongana, kila mtu apewe namba. Yeye akasema jina la mtu ni heshima, namba ni za pikipiki. Basi akaachiwa.

Ilipotoka orodha ya kwanza ya matone ya polio, kompyuta ilikuwa imemchanganya mtoto Asani na babu yake katika mstari mmoja, na aliyeitwa akawa babu. Mzee alipanda pikipiki kutoka Wamaza, akafika na matope hadi magotini, akaketi kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao. "Miye niko na wajukuu, na munaniitia matone ya mutoto," alisema. "Basi muyalete, nimeisha fika!"

Biro nzima ilicheka, isipokuwa Papa Alimasi. Mtoto aliyehitaji matone alikuwa amebaki nyumbani. Siku hiyo hiyo Papa aliondoka na muuguzi Gérard kumfuata, na aliporudi alikaa mbele ya Esther-Divine na kuanza upya, safari hii bila ubishi.

Sasa watoto wana jedwali lao, wazazi lao, chanjo lao. Kila mtoto ana namba isiyo ya mwingine, na namba hiyo ndiyo inayomuunganisha na mama yake na kila chanjo aliyopata. Papa Alimasi ametufundisha sote kwa maneno yake: kila familia ilale nyumbani kwake, ila njia ya kwenda kwa jirani ifyekwe. Majina bado yamo, kwa heshima.

Mwezi huu wachanjaji walikwenda Wamaza bila yeye. Alikaa na simu mkononi, haikulia, mwishowe akapiga mwenyewe. Akaambiwa akina Asani wote wameonekana. Bado aliuliza kama kweli hakupotea hata mmoja. Tulimpenda zaidi kwa swali hilo.

Asante sana, Papa. Mungu akujalie afya, mpunga uzae, na mkeo, Mama Francine, akuvumilie nyumbani kutwa nzima. Hatuna tena swali la kukuuliza. Tutapiga simu hata hivyo.