Sauti ya Kwandu

Kwandu alikuwa nusu usingizini, mashamba ya pamba yakielea dirishani kama mawingu. Basi la kwenda Mwanza lilikuwa likimpeleka Nyashimo kwa dada yake, akapasuliwe goita, uvimbe wa shingoni, katika hospitali ya huko huko karibu. Nyuma yake mzee mmoja alimwambia nesi aliyeketi naye, "Daktari ni daktari tu, mayu, mama yangu."

"Hapana, baba. Anayepasua goita mbili kwa mwaka si sawa na anayepasua mbili kila wiki. Huyo wa pili yuko Mwanza; wagonjwa wake wengi hupona, na sauti zao hubaki."

"Na uji wa mgonjwa huko mbali atauleta nani?"

Kwandu, mwimbishaji wa kwaya ya kijijini kwake, alijishika koo. Basi liliposimama Nyashimo, dada yake alikuwa akimpungia mkono. Kwandu alifungua dirisha.

"Panda," alisema, "twende wote Mwanza."