Mdhamini wa Cleophace

Kijiwe cha Songambele kiko barazani kwa Shehe, mwenye duka, ambaye hamnyimi mtu kahawa wala maoni. Jioni hiyo Kaijage alifika akiwa amekata shauri: haondoki mpaka aelewe neno moja. Kesho shemeji yake, Cleophace, anakwenda kuchukua mkopo wa pikipiki, na amemwomba awe mdhamini. Wakopeshaji wanataka saini ya Kaijage na hati ya kibanja chake, migomba na mibuni yote aliyoachiwa na baba yake. Cleophace mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, amewanunulia wote kahawa. Hilo nalo lilimkera Kaijage.

— Nielezeni basi. Mdhamini ni nani?

— Jambo dogo hilo, alisema Byabato, wanayemwita Mzee wa Kanisa. Mimi ni mdhamini wa watoto kibao waliobatizwa usharani. Unasimama, unaitikia, unakula ndizi kwa nyama. Mmewahi kusikia kibanja changu kimeuzwa?

— Huyo ni wa kanisani, akadakia Shehe. Mdhamini halisi yuko polisi. Mtu kawekwa ndani, unamwekea dhamana, anatoka. Sasa Cleophace hajafungwa. Ukisaini, hakuna kinachotokea!

— Hamjui kitu nyote! Huyo alikuwa Yustus, maarufu kama Redio. Ligi ya mpira ina mdhamini, haina? Jina lake linakaa kifuani kwa wachezaji. Pikipiki itaandikwa KAIJAGE mbele na nyuma, utajulikana mpaka Bugomora! Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo saini leo leo.

— Haina baraka, halafu nisaini leo?

— Methali haibishiwi, bwana.

Wakacheka. Kaijage hakucheka.

— Sijaelewa bado. Na nisipoelewa, sisaini.

— Shemeji, akabembeleza Cleophace, ni utaratibu tu wa karatasi.

Ndipo akatokea Dafroza, mke wa Kaijage, amefuata chumvi dukani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Alikuwa amesikia. Akamgeukia ndugu yake.

— Kaka, na wewe si una kibanja? Mbona hukuweka hicho?

Byabato akatazama barabarani. Shehe akajifanya anatafuta sukari.

— Changu? Cleophace alishtuka kweli kweli. Nikishindwa kulipa si watakiuza! Wanangu watakula nini?

Kaijage akaweka kikombe chini, akainuka.

— Na wangu je, shemeji?